Mama Akihamia Mjini: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Hatari ya Saratani ya Utumbo Mpana Baada ya Miaka 50

Watoto wakishapata kazi na nyumba mjini, jambo la kwanza wanalowaza ni kumleta mama apumzike. Amelima miaka yote, amebeba maji na kuni, sasa ni zamu yake ya kukaa. Mama anakuja. Asubuhi anaandaliwa chai ya sukari, mkate mweupe na soseji mbili. Mchana wali kuku, jioni ugali wa sembe na nyama ya kukaanga. Kazi zote za ndani anazo dada, na mama akishika tu ufagio ananyang'anywa. Yote yanafanywa kwa mapenzi. Ila kwa upande wa utumbo, mama huyu ameondolewa karibu kila kitu kilichokuwa kinamlinda, tena katika umri ambao hatari ndiyo inapanda.

Mwongozo huu ni wa mama mwenye miaka 50 kwenda juu, na wa yule anayempikia. Nimezipanga hatua kwa mtiririko wa kuzifuata nyumbani. Kwa uzito wake, hatua ya saba ndiyo ningekuomba usome hata kama utaziruka nyingine zote.

Kwanza, ugonjwa wenyewe

Saratani ya utumbo mpana na puru (sehemu yake ya mwisho, karibu na njia ya haja kubwa) iliwapata watu zaidi ya milioni 1.9 duniani mwaka 2022, na kuua takriban 900,000. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, ambacho madaktari hukiita polipu. Polipu nyingi hazigeuki saratani. Zile zinazogeuka huchukua muda mrefu, kwa kawaida miaka kumi hivi, na ndiyo maana ugonjwa huu unaweza kuzuiwa: polipu ikionekana, inakatwa siku hiyo hiyo na hadithi inaishia hapo.

Kwa wanawake wenye umri mkubwa kuna jambo la ziada. Saratani zao, kuliko za wanaume, hupenda kukaa upande wa kulia wa utumbo, mbali na njia ya haja kubwa. Damu inayotoka huko huchanganyika na choo safari nzima, hivyo macho hayaioni. Mama anapungukiwa damu kimyakimya.

Kuhusu chakula, fununu ya kwanza ilitoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946, Lira kwanza kisha Mulago, kwa takriban miaka 20. Aliona maradhi ya utumbo yaliyojaa Ulaya yalikuwa adimu kwa wagonjwa wake, na mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni wingi wa nyuzinyuzi katika chakula chao, yaani sehemu za mimea ambazo tumbo haliwezi kuzimeng'enya. Walimpinga, na baadhi ya hoja zao zilikuwa na maana, kwa kuwa wengi enzi hizo hawakufika uzee na vipimo havikuwepo. Lakini mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula kati ya Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipandishiwa nyuzinyuzi kutoka takriban gramu 14 hadi 55 kwa siku, Waafrika wakashushwa kutoka 66 hadi 12. Ndani ya wiki hizo mbili, butireti, kemikali ambayo bakteria wa utumboni huitengeneza kutokana na nyuzinyuzi na ambayo ndiyo chakula cha seli za utumbo mpana, iliongezeka mara mbili na nusu kwa Wamarekani na kupungua kwa nusu kwa Waafrika. Dalili za mwasho kwenye ukuta wa utumbo zilikwenda kinyume na butireti: zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa Waafrika. Wiki mbili hazileti saratani wala haziiondoi, ila zinaonyesha utumbo unavyoitikia haraka chakula kikibadilika.

Hatua ya 1: Jua mnaanzia wapi

Chukueni daftari. Andikeni kila alichokula mama kwa wiki moja, pamoja na biskuti za saa kumi na soda ya Jumapili. Pimeni kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa kitovu, akiwa ametoa pumzi na khanga imefunguliwa. Kwa mwanamke, kuvuka sentimita 80 ni dalili ya tahadhari, na kuvuka 88 ni hatari iliyopanda waziwazi. Mafuta ya tumboni yanahusiana na saratani hii hata kwa mtu ambaye mizani haimwiti mnene.

Kisha ulizeni ukoo. Je, mama yake, baba yake, ndugu yake au mtoto wake aliwahi kupata saratani ya utumbo? Wazee wengi watajibu "alikufa kwa tumbo" au "alirogwa, alikuwa anaharisha damu." Andikeni hivyo hivyo, pamoja na umri wa marehemu hata kwa kukadiria. Taarifa hiyo inabadilisha umri wa kuanza vipimo, kama nitakavyoeleza mbele.

Hatua ya 2: Rudisheni dona na jamii ya kunde

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na kwa bahati ndipo penye gharama ndogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kila gramu 10 za nyuzinyuzi zinazoongezeka kwa siku zinakwenda na hatari iliyo chini kwa takriban asilimia 10.

Tazameni sahani ya mjini niliyoitaja mwanzo: mkate mweupe, wali, kuku, sembe. Siku nzima inaweza isifike gramu 10. Sasa tazameni hii: uji wa ulezi asubuhi, gramu 4 hivi. Mchana ugali wa dona, kama gramu 10, na nusu kikombe cha maharage, gramu 7. Mchicha au matembele, gramu 2 au 3. Pera moja jioni, gramu 3. Umeshavuka 25, na hujanunua chochote dukani kilichoandikwa "afya".

Dona inashinda sembe kwa sababu haijakobolewa. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini, na vyote viwili vinakwenda kwenye pumba za kuku. Kwa maneno mengine, kuku wanakula vizuri kuliko mama. Ila dona ina masharti mawili. La kwanza, kile kiini kina mafuta, hivyo unga hauchelewi kuchacha: sageni wa wiki mbili tatu, msijaze gunia. La pili ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na sumu hiyo hiyo huleta saratani ya ini. Chagueni mahindi makavu, punje zilizooza, zilizovunjika au zenye ukungu zitupwe, na hapo hata kuku wasipewe.

Mama akilalamika kuwa maharage yanamjaza gesi, yuko sahihi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Anza na choroko au kunde, ambazo wengi huzivumilia zaidi, vijiko vitatu kwa mlo, ongeza baada ya siku chache. Utumbo uliozoea mkate haupandishwi ghafla. Na maji lazima yaongezeke sambamba, maana nyuzinyuzi bila maji huleta choo kigumu, kisha mama ataapa kuwa dona imemfunga tumbo.

Kama meno yamebaki machache, ponda mbaazi za nazi ziwe rojo, chagua uji wa ulezi au mtama, papai na parachichi. Ndizi za kupika na viazi vitamu vinafaa sana. Kiporo nacho kina heshima yake, kwa kuwa wanga uliopikwa ukapoa hubadilika kiasi, sehemu yake ikafika utumbo mpana bila kumeng'enywa na kulisha bakteria wale wale. Kiporo cha wali kisilale mezani. Kiwekwe kwenye friji mapema.

Wanaotakiwa kumwona daktari kabla ya kubadili: mwenye ugonjwa wa figo, maana maharage na dona vina madini yanayoweza kumzidi; aliyewahi kuambiwa utumbo wake umebana; na anayepungua uzito bila kutaka. Huyu wa mwisho asianze na chakula, aanze na hospitali.

Hatua ya 3: Nyama, kwa hesabu

Oktoba 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindika, yaani soseji, bekoni, nyama za kopo na zile za kukaushwa kwa moshi na chumvi ya viwandani, katika kundi la vitu vyenye ushahidi kamili kuwa vinasababisha saratani. Gramu 50 kwa siku hupandisha hatari kwa takriban asilimia 18. Hiyo ni kama soseji moja. Nyama nyekundu ya kawaida, ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe, iliwekwa kundi la pili, la vitu ambavyo huenda vinasababisha.

Hatari hiyo ya asilimia 18 ni juu ya hatari ambayo mtu tayari anayo, si kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Soseji ya harusini haimuui mtu. Ila soseji ya kila asubuhi, ambayo kwa wengi ni alama kwamba mama anatunzwa, hiyo iondolewe kabisa; badala yake awekewe yai au njugu mawe za kuchemsha.

Nyama nyekundu isizidi nusu kilo kwa wiki ikiwa imeiva, sawa na robo tatu ya kilo mbichi. Mama anayekula nyama Jumapili na sikukuu tu yuko salama kwa hesabu hii. Ipikwe mchuzi zaidi kuliko kuchomwa, na sehemu zilizoungua mkaa zikatwe.

Najua kitakachofuata: "Asipokula nyama na maini, damu itatoka wapi?" Mwanamke aliyekoma hedhi hapotezi damu kila mwezi, hivyo mahitaji yake ya madini ya chuma yanashuka na kulingana na ya mwanaume. Mama wa miaka 65 akiishiwa damu, swali la kuuliza ni damu inakwenda wapi.

Hatua ya 4: Maziwa ndiyo, vidonge hapana

Januari 2025 watafiti wa Oxford walitoa matokeo ya wanawake 542,778 wa Uingereza waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 16 na nusu. Walipima vyakula na virutubisho 97. Vilivyojitokeza kwa nguvu ni viwili: pombe kwa ubaya, kalsiamu kwa uzuri. Kila miligramu 300 za kalsiamu kwa siku, yaani glasi kubwa ya maziwa, zilikwenda na hatari pungufu kwa asilimia 17.

Kabla hujakimbilia duka la dawa, kuna upande wa pili. Nchini Marekani wanawake 36,282 waliokoma hedhi walipewa vidonge vya kalsiamu na vitamini D, au vidonge bandia, kwa miaka saba. Saratani ya utumbo haikupungua. Katika mpango huo huo, wanawake wengine 48,835 waligawanywa na kundi moja likafundishwa kupunguza mafuta kwenye chakula kwa miaka minane. Napo saratani hii haikupungua. Wengine walipewa homoni za baada ya hedhi: saratani ya utumbo ilipungua, lakini zilizogunduliwa zilikuwa zimeshasambaa zaidi, na saratani ya matiti na kiharusi vikaongezeka, hivyo hakuna anayeshauriwa kumeza homoni kwa ajili ya utumbo. Asprini nayo, kwa wazee wanaoanza kuimeza wenyewe, huleta kuvuja damu.

Mimi nalisoma hivi: glasi ya mtindi au maziwa kila siku ni jambo zuri na halina hasara kwa wengi, na yule ambaye maziwa yanamharisha mara nyingi mtindi haumsumbui. Dagaa wanaoliwa na miiba yao wana kalsiamu nyingi. Fedha ya vidonge vya "kusafisha utumbo" vinavyouzwa mitandaoni inunue matunda.

Hatua ya 5: Pombe na tumbaku

Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe. Katika utafiti ule wa Oxford, kila gramu 20 kwa siku zilikwenda na hatari iliyozidi kwa asilimia 15. Mwili hautofautishi bia ya duka, mbege ya msibani au busaa; kinachohesabika ni kilevi. Asiyekunywa asianze, anayekunywa apunguze, na asiwepo mtu wa kumwambia mama kwamba bia nyeusi inaongeza damu. Sigara pia imethibitishwa kusababisha saratani hii.

Hatua ya 6: Mwacheni mama afanye kazi

Lengo ni dakika 150 za mwendo kwa wiki, nusu saa siku tano, wa kutosha kuongeza pumzi huku bado anaweza kuongea. Mwendo hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana hata kama kilo hazijashuka.

"Mwanangu, kwa umri huu nikimbie niende wapi?"

"Hatukimbii, mama. Tunakwenda gengeni kwa miguu, tunarudi."

Kazi ya kwenda gengeni iwe yake, pamoja na kuchagua mboga, maana macho yake ni makali kuliko ya dada. Mpeni kijibustani nyuma ya nyumba, hata matembele kwenye ndoo. Mwenye magoti mabovu agawe nusu saa kuwa dakika kumi mara tatu. Mara mbili tatu kwa wiki afanye zoezi la kuinuka kitini bila kushika, kumi kwa mpigo, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani. Hilo linatunza misuli na kumwepusha kuanguka. Yule dada akiuliza, mwambieni kuwa mama hajageuzwa mtumishi.

Hatua ya 7: Msikubali damu ipewe jina rahisi

Mabadiliko yote hapo juu yanapunguza hatari, hayaiondoi. Mama anayekula dona na kunde maisha yake yote anaweza kuugua, na vijijini ndiko anakochelewa kugundulika.

Damu kwenye choo huitwa bawasiri. Mara nyingi ni bawasiri kweli, na kwa wa Kanda ya Ziwa inaweza kuwa kichocho. Lakini baada ya miaka 50, jina hilo litoke kwa mtu aliyeangalia, si kwa jirani wala kwa muuza dawa za mitishamba. Mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja.

Uchovu na kuishiwa pumzi huitwa uzee. Hapa ndipo wanawake wengi wanapopotea. Mama anapimwa, hemoglobini ni 9, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa angalau 12. Anaandikiwa vidonge vya kuongeza damu, nyumbani anakamuliwa juisi ya rosela na matembele, damu inapanda kidogo, wote wanashukuru. Miezi mitatu baadaye imeshuka tena. Duru hiyo inaweza kuzunguka mwaka mzima huku kivimbe kinavuja. Damu pungufu kwa ukosefu wa madini ya chuma kwa mwanamke aliyekoma hedhi inahitaji kutafutiwa chanzo: minyoo ya safura, vidonda vya tumbo na utumbo mpana. Tibuni minyoo, sawa, lakini msiishie hapo.

Dalili nyingine ni choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa, kiwe chembamba, kigumu au cha kuharisha, kuhisi haja haijaisha, maumivu ya tumbo yasiyokoma, kupungua uzito.

Na kuna aibu. Mama anaingia kwa daktari kijana, kijana anamwamkia "shikamoo mama", mama anaitikia marahaba, akiulizwa anasema "tumbo linanisumbua kidogo." Anatoka na dawa za gesi. Zungumzeni kabla ya kwenda, na ikibidi iandikeni kwenye karatasi amkabidhi: "Ninatoa damu kwenye choo tangu mwezi wa tatu. Choo kimekuwa chembamba. Sina hedhi miaka 12. Baba yangu alikufa kwa ugonjwa wa tumbo." Ana haki ya kuomba daktari wa kike. Ataje pia kama anameza vidonge vya chuma, kwa kuwa hufanya choo kiwe cheusi.

Hatua ya 8: Vipimo

Asiye na dalili yoyote naye anapimwa. Marekani tangu 2021 wanashauri kuanza miaka 45 hadi 75. Baada ya hapo daktari na mgonjwa huamua kwa kuangalia afya kwa jumla. Mwenye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto aliyeugua huanza akiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligundulika, kutegemea upi unatangulia. Huku kwetu hutaletewa barua nyumbani ya kukuita kupima; ni kwenda kuomba.

Kipimo chepesi ni cha damu isiyoonekana kwenye choo. Unapewa kichupa, unachukua choo kidogo nyumbani, unarudisha, na unarudia kila mwaka. Kikitoa jibu baya, hatua inayofuata ni kolonoskopi na si kurudia kipimo ukisubiri jibu zuri.

Kolonoskopi ni kamera nyembamba inayopitishwa njia ya haja kubwa hadi mwisho wa utumbo mpana. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando wanayo. Ulizeni kama kamera itafika mpaka upande wa kulia, kwa sababu kipimo kifupi kinachoishia kushoto, katika utafiti mkubwa wa Norway, kiliwasaidia wanaume na karibu hakikuwasaidia wanawake.

Maandalizi ndiyo magumu kuliko kipimo chenyewe. Siku mbili au tatu kabla, geuzeni kila nilichosema hapo juu: hakuna dona, maharage, mboga za majani, mapera wala nyanya zenye mbegu. Sasa ndiyo zamu ya wali mweupe na mkate mweupe. Siku ya mwisho ni vimiminika vyepesi tu, na rosela hapana, kwa kuwa rangi yake ndani ya utumbo hufanana na damu. Vidonge vya chuma visimamishwe wiki moja kabla. Anayetumia dawa za kisukari au za kuyeyusha damu aulize mapema namna ya kuzimeza, asiziache kwa kukisia. Dawa ya kusafisha tumbo inamalizwa yote, hata ikichukiza, maana utumbo mchafu huficha polipu na kipimo hurudiwa. Usiku huo mama alale karibu na choo, taa ikiwa inawaka, mtu akiwa naye, asije akateleza.

Siku yenyewe anahitaji wa kumsindikiza, kwa sababu dawa ya usingizi humwacha na kizunguzungu hadi jioni. Kabla ya kuondoka ombeni majibu kwa maandishi: kamera ilifika wapi, utumbo ulikuwa safi kiasi gani, polipu ngapi zimetolewa, nyama imepelekwa maabara gani, na tarehe ya kurudi. Utumbo ukiwa safi na hakuna kitu, kwa kawaida ni baada ya miaka 10. Polipu zikipatikana ni mapema zaidi, na tarehe hiyo iandikwe kwenye lile daftari la hatua ya kwanza, kisha nakala ibaki kwenye simu ya mtoto mmoja aliyekubali kuibeba kazi hiyo.